Baba alifariki kwa saratani ya umio, sasa baba mkubwa anakwamwa na chakula: je, familia nzima tupime vinasaba?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Kimara. Baba yetu alifariki 2019 kwa saratani ya koo la chakula akiwa na miaka 61. Mwezi uliopita tumempokea baba mkubwa kutoka Rombo, ana miaka 68. Alianza kwa kusukumia ugali na maji, sasa hata ndizi laini zinakwama. Kuna kijana wa maabara alitufuata nyumbani, anasema kuna kipimo cha damu cha vinasaba kinachogundua saratani mapema, na tukilipa watu sita tunapunguziwa bei. Rafiki yangu muuguzi naye ametaja kitu kinaitwa HER2. Je, tupime? Na baba mkubwa kitamsaidia kwenye matibabu?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni. Naanza na mzee, maana yeye ndiye mwenye haraka.

Hela ya watu sita msiitoe. Sehemu yake ilipie kipimo cha kamera cha baba mkubwa, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaomezwa ili daktari aone umio kwa ndani, na iwe wiki hii, msingoje kikao cha ukoo. Umio ni mrija unaotanuka sana. Mtu mzima haanzi kukwamwa na chakula kigumu mpaka tundu libane, lifike chini ya milimita 13 hivi. Ugali ukigoma, kisha ndizi laini nazo zikagoma, ujue kuna kitu kinaziba siku hadi siku. Inawezekana si saratani, kwa sababu kovu la asidi hubana umio, na kuna ugonjwa wa misuli ya umio kushindwa kulegea ambao nao hukwamisha chakula. Lakini kwa umri wake, kwa kule alikotoka na kwa yaliyompata mdogo wake, mimi nisingekubali apewe dawa za vidonda vya tumbo za mwezi mwingine kabla mtu hajaingiza kamera akaona.

Kazi yangu ni patholojia. Wagonjwa wengi sionani nao ana kwa ana, naonana na vinyama vyao, vipande vidogo vilivyokatwa mwilini, kwenye hadubini. Karibu kila wiki napokea kinyama cha umio chenye fomu inayosema mgonjwa ametumia dawa za asidi miezi mitatu au minne, na sasa anapitisha maji tu. Inaniuma kila ninapoisoma fomu ya namna hiyo.

Sasa vinasaba. Hapa mjini mtu akisikia "kupima DNA" anawaza kesi za nani baba wa mtoto na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kipimo kile husoma vinasaba ulivyozaliwa navyo, ambavyo ni vilevile katika damu yako, mate yako na mzizi wa unywele wako. Saratani ina vinasaba vya aina mbili, na kijana wa maabara amewachanganyia. Kuna hivyo vya kuzaliwa navyo, ambavyo ndugu wanaweza kugawana. Na kuna vinasaba vya uvimbe wenyewe: seli za mahali pamoja zimeharibika jeni zake, yaani vipande vya vinasaba vyenye maagizo ya kazi, katika miaka ya kuishi, moja leo, nyingine baada ya miaka kumi, mpaka zikaacha kutii. Uharibifu huo umo ndani ya uvimbe peke yake. Baba mkubwa hawezi kukuambukiza wala kukurithisha, na huko ndiko dawa nyingi mpya zinakoelekezwa. Ndiyo maana kwake yeye damu ya familia haina msaada. Msaada umo katika kile kinyama kidogo, ukubwa wa punje ya mchele, atakachochukua daktari wa kamera.

Kinyama kikifika maabara, swali la kwanza halihusu jeni. Tunaangalia seli ni za namna gani. Njia ya juu ya chakula, kuanzia umio mpaka tumboni, ina saratani kubwa mbili zenye tabia tofauti kabisa. Moja hutokana na seli bapa zinazofunika ukuta wa umio. Kwenye karatasi ya majibu mtaiona imeandikwa skwamasi. Nyingine hutokana na seli za tezi, nayo huitwa adenokasinoma. Hiyo ndiyo saratani ya kawaida ya tumbo, na ndiyo inayotokea kwenye sehemu ya chini ya umio inapoungana na tumbo. Ulaya na Marekani umio huugua zaidi hii ya pili. Kwetu, katika ukanda unaoanzia Ethiopia ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, umio huugua ile ya seli bapa kwa wingi mkubwa. Mwaka 2017 mradi mkubwa wa Marekani wa kusoma vinasaba vya saratani ulionyesha kwamba saratani ya seli bapa ya umio, kwa jeni zake, inafanana zaidi na saratani za kichwa na shingo kuliko na jirani yake ya seli za tezi iliyo sentimita chache chini yake. Kwa hiyo habari yoyote ya kipimo kipya cha "saratani ya umio" mtakayoisoma, ulizeni kwanza: ya seli gani?

Na hapo ndipo HER2 ya rafiki yako inapoingia. HER2 ni jeni ya kawaida, sote tunayo katika kromosomu ya 17. Kazi yake ni kutengeneza protini inayokaa juu ya ngozi ya seli ikipokea amri ya kukua. Katika baadhi ya saratani za seli za tezi, jeni hiyo hujinakili mara nyingi, na seli ikajaa vipokezi vya amri hiyo kama nyumba yenye antena ishirini. Dawa iitwayo trastuzumabu huviziba vipokezi hivyo. Utafiti uliochapishwa 2010, wenye wagonjwa 594 wa saratani ya tumbo na ya maungio ya umio na tumbo, wote wakiwa na uvimbe wenye HER2 nyingi, ulionyesha kuwa waliopewa dawa za kemo, zile za kuua seli za saratani, pamoja na trastuzumabu waliishi miezi 13.8 kwa wastani wa kati (yaani nusu yao waliishi zaidi ya hapo, nusu pungufu), na waliopewa kemo peke yake miezi 11.1. Kwa wale ambao uvimbe wao ulijaa HER2 kwelikweli, ilikuwa miezi 16 dhidi ya 11.8. Namba hizo naziweka wazi kwa sababu familia nyingine huuza kiwanja zikidhani dawa inaondoa ugonjwa. Inarefusha maisha. Kwa mtu anayesubiri mtoto wake amalize chuo, miezi minne si kitu kidogo, ila mlipe mkijua mnacholipia.

Uvimbe wa tumbo wenye HER2 nyingi ni kama mmoja katika kila mitano. Kupima hakuhitaji mashine ya kusoma vinasaba: tunapaka rangi maalumu juu ya kinyama kilekile na kutoa alama kutoka 0 hadi 3. Alama 3 inatosha. Alama 2 inadai kipimo cha pili cha kuhesabu nakala za jeni. Sifuri na 1 maana yake dawa hiyo haimfai. Lakini kama kinyama cha baba mkubwa kitasomeka skwamasi, trastuzumabu si dawa yake, na kumlipia HER2 ni kutupa pesa. Nimekwisha kuona karatasi ya familia iliyolipia HER2 kwa skwamasi kwa sababu mtu aliwaambia "ni kipimo cha kisasa". Tafadhali, jina la seli litangulie, vipimo vya jeni vifuate.

Ikiwa ni ya seli za tezi, kuna vingine viwili vya kuuliza. Cha kwanza ni protini nne zinazosahihisha makosa wakati seli inanakili vinasaba vyake: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Zikikosekana, uvimbe hujaa makosa maelfu, na makosa hayo huufanya uonekane mgeni machoni pa askari wa mwili. Uvimbe wa namna hiyo huitikia vizuri dawa za kuamsha kinga, kama pembrolizumabu, ambayo Marekani iliidhinisha 2017 kwa uvimbe wowote wenye kasoro hiyo, uwe wa utumbo au wa tumbo. Ilikuwa mara ya kwanza dawa ya saratani kuruhusiwa kwa kufuata alama ya jeni bila kujali kiungo. Cha pili ni protini iitwayo klaudini 18.2, iliyopata dawa yake 2024 huko Japani kisha Marekani. Hiyo nawatajia msishangae mkiisikia, siwaambii mkaitafute.

Kwa skwamasi, alama yenye maana leo ni PD-L1, ambayo ni kitambulisho bandia ambacho uvimbe huvaa ili askari wa mwili wapite bila kuugusa. Kusema kweli si jeni, ni protini, lakini hupimwa kwa njia ileile ya rangi. Katika utafiti wa 2021, wagonjwa wa skwamasi ya umio iliyokwisha kusambaa au isiyopasulika, wenye alama ya PD-L1 ya 10 au zaidi, waliishi miezi 13.9 kwa wastani wa kati walipoongezewa pembrolizumabu juu ya kemo, dhidi ya miezi 8.8 kwa kemo peke yake. Bei ya dawa hiyo kwa familia ya kawaida ya Dar ni mlima. Kwa hiyo kabla ya kulipia kipimo cha PD-L1 muulizeni daktari wa saratani swali moja: "Majibu yakiwa mazuri, dawa tutaipata wapi na kwa nani?" Kama jibu halipo, kipimo kisubiri. Kipimo kisichobadilisha matibabu ya mgonjwa hakimtibu mtu.

Na msije mkadhani bila jeni hakuna tiba. Ikiwa ugonjwa bado haujasambaa, silaha kubwa ya skwamasi ni kemo na mionzi pamoja, ikifuatiwa na upasuaji kwa anayeweza kuuvumilia. Utafiti wa Uholanzi wa wagonjwa 366 uliwapa paklitakseli na karboplatini pamoja na mionzi kabla ya kupasua, na wenye skwamasi ndio waliofaidi zaidi: miezi 81.6 kwa wastani wa kati dhidi ya 21.1 kwa waliopasuliwa tu. Tazameni tofauti hiyo, kisha mwirudie ile ya trastuzumabu. Dawa za kemo na mionzi zipo Taasisi ya Saratani Ocean Road, na Muhimbili iko karibu. Ndiyo maana nawahimiza kuhusu wiki hii: matokeo yale yalikuwa ya watu waliowahi. Na aliyechelewa naye haachwi. Huwekewa stenti, mrija wa waya unaotanua umio, akaweza tena kula.

Kuna alama moja ya kuzaliwa nayo ambayo ingemhusu baba mkubwa mwenyewe, na haizungumzwi vya kutosha. Jeni iitwayo DPYD hutengeneza kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa za fluorourasili na kapesitabini, dawa za kemo zinazotumika sana kwa saratani za njia ya chakula. Mwenye jeni dhaifu hubaki na dawa mwilini kama aliyepewa dozi iliyopita kiasi. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza. Lakini aina nne ambazo maabara za huko zimezoea kuzipima zimechaguliwa kwa kufuata Wazungu. Kuna aina nyingine, inayoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, ambayo haimo kati ya hizo nne. Mwafrika anaweza kupimwa, akaambiwa yuko salama, na dawa ikamkata. Mimi hili linanikera. Utafiti wa vinasaba umefanywa kwa watu wengine, halafu majibu yake tunauziwa sisi kama vile damu zote zimesomwa. Kwa vitendo: mzee akianzishiwa dawa hizo, na katika siku za mwanzo akatokwa na vidonda mdomoni, akaharisha mfululizo au akapata homa, msingoje tarehe ya kliniki. Mrudisheni siku hiyohiyo na mtaje jina la dawa aliyopewa.

Turudi kwenu watu sita. Kipimo cha damu anachokiuza yule kijana, kwa jinsi ulivyokieleza, kinaweza kuwa kimoja kati ya viwili. Pengine ni alama za zamani kama CEA na CA 19-9. Hizi ni protini, si vinasaba. Hupanda kwa sababu nyingi, CEA kwa kuvuta sigara, CA 19-9 kwa nyongo kuziba, na saratani changa huziacha chini kama kawaida. Hutumika kumfuatilia mgonjwa anayejulikana, hazifai kumtafuta mgonjwa kati ya wazima. Au pengine ni kile kipya kinachotafuta vipande vya vinasaba vya uvimbe vinavyoelea kwenye damu. Wazo lake ni zuri, na naamini siku moja litatufaa. Lakini katika utafiti mkubwa wa 2021 wa kipimo kimoja cha namna hiyo, kati ya wagonjwa 100 wa saratani mbalimbali zilizo hatua ya kwanza kiliwaona 17 hivi, na kati ya 100 wa hatua ya nne kiliwaona 90. Yaani kinaona vizuri pale ambapo hata mama mzazi angeona. Wewe unataka cha kuona mapema, na hicho bado hakipo kwa umio wa mtu wa Kimara.

Sasa kuhusu kurithi, ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Ndugu wawili wa tumbo moja kuugua umio kunatia hofu, nakuelewa. Familia zenye jeni moja kali zipo duniani, na zina sura yake. Mwaka 1998 watafiti wa New Zealand, wakifanya kazi na ukoo wa Wamaori uliokuwa unapoteza vijana, waligundua jeni ya CDH1. Anayeirithi ikiwa imeharibika huweza kupata saratani ya tumbo inayotambaa chini ya ukuta bila kutoa donge, na wanawake wa ukoo huugua pia matiti. Kwa umio wa seli bapa, jeni ya wazi ni RHBDF2. Wenye nayo hukakamaa ngozi ya viganja na nyayo tangu ujana, na saratani hufuata ukubwani. Tazameni viganja vya baba mkubwa na mkumbuke vya baba. Ngozi ikiwa nene ya manjano mikono yote na nyayo, na si sugu ya jembe tu, mwambieni daktari. Vilevile mwambieni kama kuna ndugu wa upande huo aliyepata saratani ya tumbo, utumbo mpana au mji wa mimba kabla ya miaka 50. Hapo kupima jeni za kurithi kuna maana, na anayeanza kupimwa ni mgonjwa, si wazima. Jeni ikionekana kwake, ninyi mtatafutiwa hiyo moja tu, kwa gharama ndogo zaidi.

Msipoona dalili hizo, tazameni jiko walilokulia. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliosoma vinasaba vyote vya uvimbe wa seli bapa wa wagonjwa 552 kutoka nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwemo. Visababishi kama moshi wa sigara huacha nyayo katika vinasaba, na watafiti walitumaini kuona nyayo zinazoeleza kwa nini kwetu ugonjwa ni mwingi. Hawakuziona. Kitu kinachounguza na kuchubua umio miaka na miaka, ukajiponya ukachubuka tena, kinaweza kukuza saratani bila kuacha nyayo za namna hiyo. Chai ya moto ni mshukiwa mmoja. Mwaka 2016 jopo la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, na waliopima vikombe mkoani Kilimanjaro walikuta watu wanaanza kunywa chai ikiwa karibu nyuzi 70. Baba na baba mkubwa walirithi wazazi wamoja, ndiyo, lakini walirithi pia birika moja na moshi wa kuni mmoja. Ninyi mliokulia Kimara birika lenu mnaweza kulipoza. Mimina, subiri dakika tano, au ongeza maziwa baridi. Anayevuta sigara kati ya hao sita, au anayekunywa gongo, huyo ndiye wa kukaa naye chini kabla ya yeyote kutoa damu. Na mwenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu apimwe choo kwa bakteria wa Helikobakta. Ni kipimo cha bei ndogo, na bakteria huyo anahusika na saratani ya tumbo na anatibika.

Siku ya kamera, mzee asile wala kunywa kuanzia usiku. Kwa kuwa chakula kinamkwama, siku moja kabla apewe vya majimaji tu, ili daktari asikute mabaki. Mwambieni daktari wa kamera, kwa heshima, kwamba mngependa vinyama visipungue sita. Uvimbe wa tumbo unaweza kuwa na HER2 upande mmoja na upande mwingine isiwepo, na kinyama kimoja kikatudanganya. Viwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya kuzuia visioze, papo hapo na vifikishwe maabara siku hiyo au kesho yake. Mwaka jana nililetewa vinyama vya mama mmoja vilivyolala siku nne kwenye chupa ya maji ya dripu. Vilikuwa vimeoza, na mama yule aliyetoka mbali ilibidi ameze mpira upya. Mkichukua majibu, ombeni nakala ya karatasi yenye namba ya kinyama na muitunze pamoja na kadi yake ya kliniki. Kinyama chenyewe hubaki maabara kikiwa kimegandishwa ndani ya nta, na kwa namba hiyo tunaweza kukitoa tena tukapima alama yoyote ambayo daktari wa saratani ataihitaji, bila mzee kumeza kamera mara ya pili.